Kaburi Lisilotitia

Wilda aliinuka kusema akiwa na uhakika wote, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Angeanza kwa kubabaika, asingeona aibu sana.

"Huyu mama amefarijika," alisema. "Amepanda mlimani, amekuta kaburi la mwanawe limesimama imara. Wenzake wanahangaika na ndoo, yeye hana shida. Kwa hiyo hili ni shairi la shukrani."

Wanafunzi wa darasa la jioni walikuwa watu wazima watupu, magoti yamebanwa chini ya madawati ya watoto. Nyuma yake mzee Clell Stamper, ambaye mgodi wa makaa ulimrudisha nyumbani baada ya kumla mapafu, alikohoa kisha akamuunga mkono.

"Binti kasema kweli. Kaburi la baba yangu lilititia mwaka wa kwanza. Sanduku lenyewe la mbao za banda la kuku, ungetegemea nini?"

Watu wakacheka. Katika milima ile ya Kentucky kila mtu alikuwa na kaburi la kulalamikia. Kila Mei ukoo ulipanda makaburini kupalilia, kukwangua majani mpaka udongo uonekane, na kumwaga udongo mpya juu ya kila kaburi lililobonyea, liwe tena na mgongo kama mkate uliofura. Kaburi lililokaa na mgongo wake miaka na miaka lilisifiwa kama nyumba yenye msingi mzuri. Watu walisema: aliyemo humo amelala vizuri.

Mwalimu wao, Bi Haskell, alikuwa na mazoea ya kuchomeka chaki sikioni na kuisahau. Alisoma tena shairi lililokuwa ubaoni. Alikuwa amelitoa katika gazeti dogo la wilaya, toleo la miaka ya vita vya Korea. Mtunzi hakuandika jina, ila neno moja tu chini: Mama.

*Majirani wamepanda na ndoo za udongo,*
*makaburi yao yametitia tena.*
*Mimi nimepanda na ndoo tupu.*
*Lako halijatitia hata kidole.*
*Wananiuliza, mama, umekuja na nini?*
*Nasema, nimekuja kuangalia.*
*Majani nimeng'oa, jiwe nimepangusa,*
*jua bado halijafika utosini.*
*Ewe ardhi, mbona hunipi kazi?*

"Haya, Wilda. Kama anashukuru," Bi Haskell aliuliza, "mbona mwishoni anagomba?"

Wilda aliutazama mstari wa mwisho. Alikuwa ameusoma mara nyingi, lakini aliusoma kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani kila siku bila kujua pazia lake ni la rangi gani.

"Labda ana hasira na Mungu?" mtu mmoja akajaribu.

"Labda ndoo yake imetoboka," akasema mzee Clell.

"Wewe mzee, ndoo iliyotoboka nayo inapandishwa mlimani?"

"Mke wangu angeipandisha. Hatupi kitu yule."

Bi Haskell alicheka pamoja nao, halafu akamgeukia Wilda kwa upole. "Sina jibu mfukoni, usidhani nakutega. Mimi ni mtu wa mjini, sikukulia kwenye makaburi yenu. Nataka kujua kama wewe unavyotaka. Jumatatu ijayo ndiyo siku ya mwisho. Utalirudia."

Kulirudia maana yake hajafaulu. Wilda aliijua hesabu hiyo bila kuandikiwa. Hospitali ya wilaya ilikuwa inafungua mafunzo ya wauguzi wasaidizi majira ya kupukutika majani, na mama wa ofisini alikuwa amemwambia waziwazi: binti, njoo na cheti cha sekondari, bila cheti usijichoshe nauli. Masomo mengine yote alikuwa ameyavuka, hata hesabu. Kilichobaki kati yake na ile sare nyeupe ni huyu mama mwenye ndoo tupu.

Kesho yake alasiri jiko la mama mkwe wake lilinuka nta. Orpha alikuwa akitengeneza maua ya karatasi kwa ajili ya Jumapili ya Kupamba makaburi: anakunja karatasi laini kuwa waridi, analifunga kwa waya, analichovya kwenye nta ya moto ili mvua isilile, halafu analining'iniza kichwa chini kwenye kamba juu ya jiko. Jewel, wifi yake Wilda, alikuwa mezani anakata karatasi, mkasi na mdomo vikifanya kazi sawasawa. Tessie, mtoto wa Wilda, alikuwa sakafuni anatafuna kifuniko cha sufuria.

"Msomi wetu amefika," akasema Jewel. "Haya, jana mmefundishwa nini? Kununa?"

"Tumesoma shairi, wifi."

"Shairi! Kaka yangu yuko chini ya ardhi anachimba makaa, mkewe anasoma mashairi."

"Kaka yako ndiye aliyenisukuma niende."

"Na mimi ndiye ninayekata karatasi peke yangu. Mama, unamsikia mkweo?"

"Nawasikia wote wawili," Orpha akajibu bila kugeuka. "Mwanangu, hebu lisome hilo shairi. Mikono yangu ina kazi, masikio hayana."

Wilda alifurahi. Alilijua kwa moyo, akalisema lote, na alipofika mwisho akaongeza maelezo yake, maana alitaka angalau mtu mmoja ayakubali. "Mimi nadhani ni mama mwenye bahati. Kaburi la mwanawe halijashuka hata kidole. Mwanawe amelala vizuri. Au siyo, mama?"

Orpha alikuwa ameshika waridi jekundu juu ya nta. Vidole vyake vikazama pamoja na ua mpaka kwenye pingili. Hakupiga kelele. Alilitoa ua, akalining'iniza mahali pake, akabandua nta kwenye vidole kama mtu anayevua glavu, akamwinua Tessie kutoka sakafuni na kutoka naye nje kwenye kibaraza. Mlango wa wavu ukajigonga nyuma yao.

Jewel aliweka mkasi chini. "Umemwambia nini mama?"

"Si umesikia? Nimesoma shairi."

"Basi hayo mashairi yako yasomee huko huko."

Wiki ile yote Wilda alizunguka na swali hilo kama mtu mwenye kijiwe kiatuni. Mstari gani ulimchoma? Alijaribu mmoja mmoja huku akifua nepi, huku akimwogesha mtoto. Ndoo? Majirani? Jiwe? Aligundua kwamba anataka kujua kwa ajili ya Orpha kuliko kwa ajili ya cheti, halafu akajikumbusha kwamba cheti nacho hakiji chenyewe.

Jumamosi ukoo ulipanda kusafisha, wiki moja kabla ya siku yenyewe. Makaburi yalikuwa mgongoni mwa kilima juu ya nyumba, ndani ya ua wa seng'enge, na njia ilikuwa mbaya hata toroli ilisukumwa na watu wawili. Udongo ulichimbwa kando ya kijito, ukapandishwa kwa ndoo. Harlan, mume wa Wilda, alibeba mbili mbili. Wanawake walikwangua majani kwa majembe. Kuku wa kukaanga, maharage na mkate wa mahindi vilifunikwa kwa shuka kivulini, na watoto walifukuzwa hapo kila baada ya muda.

Orpha alifanya kazi kama aliyelipwa. Alimwaga udongo kwenye kaburi la mumewe, akauchonga kwa mgongo wa koleo mpaka ukawa laini. Akahamia kwa mama mkwe wake. Akahamia kwa vichanga wa zamani ambao majina yao yamefutika mawe yakabaki. Akavuka hata kwenye kona ya ukoo mwingine uliohamia Michigan, akawajazia na wao.

Kaburi moja alilipita kila mara. Lilikuwa la Arvil, kitinda mimba wake. Arvil alikwenda Vietnam, na helikopta yake ikaanguka kwenye msitu ambao hakuna aliyeweza kuufikia. Mwanzo jeshi lilisema haonekani. Baadaye likasema ahesabiwe amekufa. Jewel ndiye aliyeomba jiwe, likaja, jeupe na zuri, wakalisimamisha.

"Mtazameni," Jewel alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kuku. "Mpaka watu wa Michigan wamejaziwa. Mwanawe wa kumzaa hata kiganja cha udongo hapati. Watu watasemaje Jumapili?"

"Jewel, nyamaza," Harlan akasema.

"Sinyamazi. Nasema linaloonekana."

Wilda, kwa kutaka tu kumaliza ugomvi, akachukua ndoo iliyojaa akaenda nayo kwa Arvil. Aliinama amwage. Hapakuwa na mahali pa kumwaga. Ardhi ilikuwa imenyooka kama sakafu ya kanisa, majani yameshikana mizizi kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye ua bila kukatika. Alirudi hatua chache kwenye kaburi la baba mkwe wake, akachomeka kidole pembeni mwa udongo mpya. Kidole kiliingia mpaka mwisho. Akarudi kwa Arvil, akachomeka. Ukucha uligoma.

Akabaki amechuchumaa.

Ardhi hutitia kwa sababu imechimbwa. Hutitia kwa sababu chini kuna sanduku, na sanduku linaoza, na kilichomo kinaoza, na udongo wa juu unashuka polepole kujaza nafasi. Hapa haukushuka kwa kuwa hapakuwahi kuingia koleo. Kaburi lisilotitia hata kidole si kaburi lenye bahati. Ni kaburi lisilo na mtu.

Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa furaha, ile furaha ya uzi uliojifunga siku nyingi kufunguka ghafla mkononi. Mistari yote ikapanga foleni: majirani na ndoo zao, yeye na yake tupu, kazi kwisha jua halijapanda. Karibu apige kelele. Kisha akamwona Orpha upande wa pili wa ua, amepiga magoti anasawazisha kaburi la mtu asiyemjua, na vidole viwili vimefungwa kitambaa kwa ajili ya nta. Furaha ikazimika. Huyo ndiye niliyemwambia ana bahati, alijisemea.

Alikwenda akachuchumaa kando yake, akaanza kung'oa majani ambayo hayakuhitaji kung'olewa.

"Mama, lile shairi nililisoma vibaya."

"Najua."

"Yule mama hana mtu pale chini."

"Hana." Orpha aliendelea kusawazisha. "Nililijua hilo kabla hujafika katikati."

"Nisamehe."

"Hukunikosea. Hapa tumezoea kusifu kaburi likisimama. Hata mimi ningesifu." Akapangusa jasho kwa kiwiko. "Uliza basi. Naona swali limekukaa usoni kama masizi."

Wilda akacheka kidogo, akaogopa kuuliza, akauliza. "Yule mama anaililia ardhi impe kazi. Wewe kazi unayo, udongo upo, ndoo zipo. Kwa nini humwekei Arvil?"

Orpha alibonyeza udongo kwa kiganja.

"Nikimwaga ndoo pale," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "nitakuwa nimemzika. Jeshi halijamzika, msitu haujamzika ninavyojua mimi. Nianze mimi mamake?" Alitazama upande wa Jewel. "Wenyewe wanadhani sina huruma. Waache. Ni afadhali wanione mkavu kuliko waseme mama amerukwa na akili, bado anangoja. Hili usilipeleke darasani kwako, mwanangu. Wilaya hii ni sufuria moja, kijiko kikigonga huku kinasikika kule."

"Sitalipeleka."

"Hata wakikunyima hicho cheti?"

Hapo Wilda alichelewa kidogo kujibu, na Orpha akaona alivyochelewa.

"Hata wakininyima," akasema.

Jumatatu Bi Haskell aliandika shairi upya ubaoni, chaki mbili sikioni safari hii. Wilda alisimama. Alinyoosha sketi yake.

"Wiki iliyopita nilikosea," alianza, "na nilikosea kwa sababu mimi ni wa hapa. Sisi tukisikia kaburi halijatitia tunapongeza. Lakini hebu tujiulize, ardhi inatitia kwa nini?"

"Kwa sababu ya mbao za banda la kuku," akasema mzee Clell.

"Ndiyo, mzee. Kwa sababu kuna sanduku. Sasa huyu mama anasema, lako halijatitia hata kidole. Siyo mwaka huu tu, maana wenzake wanarudia, makaburi yao yametitia *tena*. Wewe umechimba ardhi maisha yako yote. Ardhi gani haititii?"

Mzee Clell alianza kutabasamu kama mtu anayejiandaa kwa mzaha, halafu tabasamu likamwacha. "Ile isiyoguswa," akasema taratibu. "Kule chini ndiyo tunayoiegemea. Ile ambayo hakuna aliyeipiga sururu." Akavua kofia. "Kumbe humo hamna mtu."

"Hamna mtu. Alikwenda vitani, hakurudishwa. Jiwe lipo kwa sababu jiwe linapangusika. Majani amekwisha kuyang'oa, na hata adhuhuri haijafika. Wenzake bado wanapandisha ndoo."

Nje gari la mtu lilikataa kuwaka, likakohoa, likawaka.

"Na kazi?" Bi Haskell akauliza. Alikuwa ameegemea dirisha, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza muziki wa mbali. "Mtu gani anaomba kazi?"

Hilo Wilda hakuwa ameliandaa. Lilikuja lenyewe, kutoka kwenye mgongo wake uliouma na maziwa yaliyokuwa yanamjaa kifuani kwa sababu saa ya Tessie kunyonya ilikuwa imefika.

"Mimi nina mtoto. Mtoto ni kazi. Unamfua, unamlisha, unamfuta pua, unalalamika kutwa. Anakua, kazi inapungua, bado unamshonea vifungo. Akifa, nadhani ile ndoo ya udongo kila Mei ndiyo kazi ya mwisho anayokuachia. Inachosha, lakini ni yake. Unaipandisha unasema, namfanyia mwanangu. Huyu mama vita vimemchukulia mtoto pamoja na kazi yake."

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alikuwa anatafuta leso kwenye mkoba na haipati.

"Nikuulize moja la mwisho," akasema Bi Haskell. "Ile ndoo tupu. Unaniambia ni huzuni, nakubali. Ni huzuni peke yake? Nahisi kuna kitu kingine pale na sikishiki. Au kuna mtu unayemjua, angetusaidia?"

Wote walimgeukia. Neno lilikuwa mdomoni mwake, zima, lenye uzito. Angelitoa tu na darasa lote lingeinama. Alikiona hata cheti. Alimwona pia Orpha akitoka kanisani, na vichwa vikigeuka kumtazama kwa ile huruma inayouma kuliko matusi.

"Kuna kingine," alisema. "Lakini nimeonyeshwa, na si changu kukisema. Kama ni lazima nikiseme ndipo nifaulu, basi, mwalimu, sijafaulu."

Bi Haskell aliondoka dirishani. Kisha akachomoa chaki moja sikioni, akaitazama kwa mshangao kidogo, akaiweka mezani.

"Mimi nilitaka uniambie shairi linasema nini," alisema. "Umeniambia. Kaa chini, Wilda, umefaulu tangu uliposema kuhusu vifungo. Lililobaki nitabaki nalo nikijiuliza. Si vibaya mwalimu naye kurudi nyumbani na swali."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama nyuma ya kilima. Orpha alikuwa kibarazani na Tessie, ambaye alimwona mama yake akaanza kulia kwa hasira kana kwamba mpaka hapo hakuwa na habari kuwa ana njaa. Wilda aliketi, akampa ziwa.

"Enhe?" akasema Orpha.

"Wamenipa."

"Na lile letu?"

"Liko hapa hapa."

Orpha aliitikia kwa kichwa. Hakushukuru, alikwenda ndani akarudi na kipande cha keki ya tufaha, akakiweka kwenye mkono wa Wilda uliokuwa huru. Kwake hiyo ilitosha. Akakaa.

"Lisome tena."

"Shairi? Mama, una hakika?"

"Siku zote hizi nalikumbuka vipande vipande. Lisome taratibu, usiweke maelezo."

Wilda alilisoma taratibu. Orpha alimkatiza katikati kwa kuinua kidole chenye kitambaa.

"Rudi nyuma. Wanamuuliza umekuja na nini. Anajibuje?"

"*Nasema, nimekuja kuangalia.*"

"Hapo." Orpha aliinama mbele, macho yanamng'aa kama msichana aliyeona kitu njiani. "Kuangalia nini, mwanangu? Wewe ukienda kwa marehemu bibi yako unakwenda kuangalia?"

"Nakwenda kupamba. Kusalimia."

"Mtu huangalia mtego. Huangalia mkate jikoni. Huangalia njia. Huangalii kitu ulichokwisha kukizika." Aligonga goti lake. "Yule anapanda kila mwaka kuhakikisha ardhi haijaguswa. Ikiwa haijaguswa, basi hawajamleta. Na kama hawajamleta..."

Hakumalizia. Wilda aliacha kutafuna. Mstari ule alikuwa ameupita kila mara kama maneno ya kawaida ya mtu aliyekosa jibu. Mbele ya darasa zima alikuwa ameuruka.

"Kwa hiyo hata yeye alikuwa anangoja," akasema.

"Si nakuuliza wewe? Wewe ndiye mwenye cheti."

"Lakini mama, kama anangoja, mbona anaiomba ardhi kazi? Hayo mawili hayapatani. Hawezi kutaka azikwe na atake asizikwe."

"Nani kakwambia hawezi?" Orpha akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akacheka, kicheko kifupi chenye mikwaruzo. "Mimi nataka yote mawili kila asubuhi kabla ya kahawa. Haya, mgeuze mtoto upande wa pili, halafu usome tangu mwanzo. Yule mama kuna jambo jingine alilificha mle, na mimi nalitaka."